Tanuri la Upepo: Jinsi Mtapo Unavyogeuka Kuwa Chuma, na Maneno ya Kuusimulia Mgeuko Huo

Utangulizi

Yeyote aliyesoma kemia ya kidato cha nne katika mfumo wa 8-4-4 atalikumbuka lile tanuri lililochorwa kitabuni: umbo kama la chupa, mishale ya kuingia juu, mishale ya kutoka chini, na milinganyo mitatu au minne iliyopangwa kando yake. Mwandishi wa makala haya aliukariri mchoro huo, akauchora siku ya mtihani, akapata alama zake na kuusahau. Miaka kadhaa baadaye, akiwa tayari amejitosa katika fasihi ya Kiswahili, alikuwa ameketi kibandani kwa mjomba wake, mfua vyuma wa jua kali atengenezaye patasi, majembe na majiko. Mjomba aliokota kipande cha injini kuukuu, akakipiga nyundo, kikapasuka vipande viwili. Kisha akachukua kipande cha springi ya gari, akakipasha moto na kukifua hadi kikawa bapa.

"Mpwa wangu, wewe uliyesoma," akauliza, "hiki ni chuma na hiki ni chuma. Mbona kimoja hufulika na kingine huvunjika kama kigae?"

Jibu lilikuwamo katika mchoro ule wa kidato cha nne. Hata hivyo, halikutoka. Mwandishi alianza sentensi tatu kwa Kiswahili na zote zikakwama kwenye neno la Kiingereza, na hapo ndipo alipotambua kwamba hata kwa Kiingereza hakuwa amelielewa jambo lenyewe. Alikuwa amelihifadhi tu. Makala haya ni jaribio la kumjibu mjomba, japo kwa kuchelewa. Hayanuii kutunga istilahi rasmi. Kazi hiyo ina wenyewe. Yananuia kueleza jinsi chuma kinavyozalishwa katika tanuri kubwa la kiwandani, kwa Kiswahili ambacho mfua chuma na mhadhiri wote wawili wanaweza kukifuata, na kuonyesha ni wapi lugha yetu ilitosha na ni wapi ilitulazimu tuombe.

Suala la jina

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya moto uliofungiwa. Mwokaji mikate ana tanuri, mchoma chokaa ana tanuu, mfinyanzi ana joko, na anayemimina madini ana kalibu ingawa neno hili hutumika zaidi kwa chombo kinachoipa madini iliyoyeyuka umbo lake. Tunachokizungumzia hapa ni tanuri linalotofautiana na hayo yote kwa jambo moja: halipumui lenyewe, hupulizwa. Hewa husukumizwa ndani yake kwa nguvu, mchana na usiku, kwa miaka. Kwa sababu hiyo tutaliita tanuri la upepo. Msomaji anayependelea jina jingine yuko huru, mradi asiuache upepo nje ya jina hilo, kwani ndio kiini cha kazi yote.

Mtapo ni kutu iliyozeeka

Chuma hakichimbwi kikiwa chuma. Kinachochimbwa ni mtapo, ambao vitabu vingine huuita mbale: mawe mekundu au meusi ambamo chuma kimeshikamana na oksijeni. Ukitaka kuuelewa mtapo, itazame kutu iliyo kwenye bati la nyumba yako. Kutu ni chuma kilichorudi kwa oksijeni, na mtapo mwekundu ni ndugu wa karibu wa kutu hiyo. Basi kuzalisha chuma ni kuirudisha kutu nyuma, yaani kuinyang'anya oksijeni yake.

Neno kunyang'anya tumelichagua makusudi. Kemia ina istilahi yake ya tendo hili, lakini istilahi hiyo ilipotafsiriwa kwa maana ya "kupunguza" iliwapoteza wanafunzi wengi, mwandishi akiwamo. Hakuna kinachopungua machoni pa anayetazama. Kuna mwenye mali, kuna mali, na kuna mnyang'anyi mwenye nguvu zaidi. Mnyang'anyi katika tanuri la upepo ni kaboni, na hasa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa hiyo ina nafasi ya chembe moja zaidi ya oksijeni, na ikikutana na mtapo katika joto kali huichukua oksijeni hiyo na kugeuka kaboni dioksidi. Chuma hubaki peke yake.

Makaa yaliyookwa

Mjomba aliposimuliwa hadi hapa aliuliza swali la kitaalamu kuliko alivyojua: "Basi kwa nini wasitie makaa ya miti tu?"

Walitia, kwa karne nyingi. Matanuri ya kwanza yaliyotoa chuma cha majimaji yalikuwako Uchina zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na baadaye Ulaya, na huko Ulaya makaa yalikuwa ya miti. Tatizo la makaa ya miti ni kwamba ni dhaifu. Ukiyarundika sana, yaliyo chini husagika chini ya uzito wa yaliyo juu, unga hujaa, upepo hukosa njia, na moto hufa. Kwa hiyo urefu wa tanuri uliwekewa mpaka na nguvu ya kaa moja. Makaa ya mawe nayo, yakitiwa jinsi yalivyochimbwa, huleta salfa nyingi katika chuma, na chuma chenye salfa huvunjika kikifuliwa kingali moto.

Aliyeufungua mlango alikuwa Abraham Darby, Mwingereza aliyekuwa akimimina sufuria na vyungu vya madini. Mwaka 1709, katika bonde la Coalbrookdale, alifaulu kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza. Alipokuwa mwanagenzi alifunzwa kutengeneza vinu vya kimea, na wakaushaji kimea walikuwa tayari wakitumia makaa ya namna hiyo ili moshi wa salfa usiiharibu pombe. Hivyo basi, mageuzi ya viwanda yana deni fulani kwa wapika pombe, jambo ambalo vitabu vya kidato cha nne havikuona haja ya kututajia.

Makaa ya mawe yakiokwa katika chumba kisicho na hewa hadi kufikia nyuzi 1,000 hivi, moshi, lami na gesi humtoka, na sehemu ya salfa huondoka nazo. Linalosalia ni jiwe la kijivu, gumu, lenye vitundu kama mkate. Tutaliita koki, na tunaomba radhi kwa wasomaji wetu wa Tanzania ambao neno hilo kwao ni mfunguo wa bomba la maji. Koki hubeba mzigo mkubwa bila kusagika, na kwa ajili yake matanuri yakaweza kurefuka hadi mita 30 na zaidi. Mjukuu wa Darby, aliyeitwa pia Abraham Darby, alisimamia ujenzi wa daraja la chuma lililosimamishwa juu ya mto Severn mwaka 1779 na kufunguliwa 1781. Lingalipo, na watu hulivuka kwa miguu.

Mwili wa tanuri

Wahandisi wa Kiingereza hulitaja tanuri hili kwa viungo vya mwili, na Kiswahili kinaweza kufanya vivyo bila kujilazimisha. Juu kabisa pana koo, panapomezeshwa mtapo na koki kwa tabaka: tabaka la mtapo, tabaka la koki, tabaka la mtapo tena. Chini ya koo pana kifua kinachopanuka kadiri unavyoshuka, kwa sababu vitu vikipata joto huvimba na vingeganda ukutani kama pangekuwa pembamba. Kisha tumbo, palipo papana zaidi. Kisha nyonga, panapoanza kubana tena kwa kuwa mtapo umeanza kuyeyuka na kuchukua nafasi ndogo. Mwisho ni kitako, birika la matofali mazito ambamo chuma kilichoyeyuka hutuama.

Sitiari hii si ya Waingereza peke yao. Miongoni mwa Washona wa Zimbabwe matanuri ya udongo ya zamani yalifinyangwa yakiwa na matiti, na kuyeyusha chuma kulifananishwa na uzazi katika jamii nyingi za Afrika. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafuta mada ya tasnifu asipite hapo mbio.

Kuzunguka tanuri, pale nyonga inapokutana na kitako, kuna vinywa vya shaba vinavyopozwa kwa maji. Humo ndimo upepo huingilia. Si upepo baridi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 watu waliamini kuwa hewa baridi hutoa chuma bora, kwani chuma cha majira ya baridi kilionekana kuwa kizuri zaidi. James Beaumont Neilson wa Scotland aliikanusha imani hiyo kwa hataza yake ya mwaka 1828: aliipasha hewa moto kabla haijaingia, na makaa yaliyohitajika yakapungua sana. Leo upepo huingia ukiwa na joto la nyuzi 1,000 hadi 1,200. Hupashwa katika minara iliyojaa matofali, ambayo yenyewe huchomwa kwa gesi iliyotoka kooni mwa tanuri lilo hilo. Mnara mmoja ukipuliza, mwingine unapashwa. Tanuri, kwa maneno mengine, hujipikia kwa moshi wake.

Safari mbili zinazopishana

Hapa ndipo mchoro wa kidato cha nne ulipotudanganya, si kwa uongo bali kwa kunyamaza. Ulituonyesha milinganyo kana kwamba hutokea pamoja. Ukweli ni kwamba ndani ya tanuri kuna safari mbili zinazopishana: vitu vigumu hushuka polepole, na gesi hupanda kwa kasi. Jiwe la mtapo huchukua saa sita hadi nane kutoka kooni hadi kitakoni. Gesi huipanda njia hiyo kwa sekunde chache tu. Kila jambo hutokea katika mpishano huo.

Tuianzie gesi. Upepo wa moto unapoingia kwa vinywa hukutana na koki inayowaka. Oksijeni hushikana na kaboni, joto hupita nyuzi 2,000, na kaboni dioksidi huzaliwa. Hewa hii haiishi muda mrefu, maana imezingirwa na koki nyekundu pande zote. Huchukua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksidi. Mnyang'anyi wetu amezaliwa. Anaanza kupanda.

Huku juu mtapo umeanza kushuka. Kwanza hukauka. Kisha, joto likiwa katika mamia ya nyuzi, mnyang'anyi huanza kazi kwa awamu: mtapo mwekundu hupoteza oksijeni kidogo na kuwa mweusi wenye sumaku, kisha hupoteza zaidi, na ukifika sehemu ya chini ya kifua vipande vingi vimekwisha kuwa chuma ndani ya ganda la jiwe, ingawa bado ni vigumu. Jiwe lililotiwa mtapo halifanani tena na jiwe lililofika tumboni, lakini umbo lake linaweza kuwa lile lile, kama nyumba iliyoibwa kila kitu na kuta zikaachwa.

Kwa hiyo koki ina kazi tatu, na kutozitofautisha ndiko kulikotukwamisha wengi. Ni kuni: huleta joto. Ni mama wa mnyang'anyi: huzaa kaboni monoksidi. Tena ni nguzo: mtapo ukishalainika na kuanza kunata, kwenye nyuzi 1,200 hivi na kuendelea, hugeuka uji usiopitisha gesi, na tabaka za koki zilizomo katikati hubaki ngumu na kuwa kama madirisha. Makaa ya unga yanaweza kuisaidia koki kazi mbili za kwanza, na viwanda vingi huyapuliza kupitia vinywa ili kuokoa gharama. Kazi ya tatu haina msaidizi. Ndiyo maana tanuri la upepo haliwezi kuendeshwa bila koki kabisa.

Chokaa na mavi ya chuma

Mtapo huja na wageni: mchanga, udongo, na majivu ya koki yenyewe. Mchanga hauyeyuki kwa urahisi, nao ukiachwa utaziba tanuri. Dawa yake ni mawe ya chokaa. Yakipata moto hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa tupu, nayo chokaa hushikana na mchanga na kufanya kioevu kizito kama asali ambacho huelea juu ya chuma, jinsi mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kioevu hicho huzoa pia sehemu kubwa ya salfa.

Jina lake tunalo tangu zamani: mavi ya chuma. Wako watakaoona haya kuliandika neno hilo katika jarida la chuo kikuu, na wapendekezao taka ya chuma wana haki yao. Lakini wahunzi walilitumia bila aibu, na limekaa vizuri katika mwili tulioutaja hapo juu. Mavi hayo hayatupwi. Yakipozwa ghafla kwa maji huwa chembechembe kama mchanga, ambazo zikisagwa huchanganywa katika saruji.

Jibu la swali la mjomba

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Chuma kitokacho katika tanuri la upepo hubaki majimaji hata joto likishuka mamia kadhaa ya nyuzi chini ya hapo. Sababu ni kaboni. Kikiwa kinadondoka juu ya koki nyekundu kuelekea kitakoni, chuma huinywa kaboni hadi inafika asilimia nne na zaidi ya uzito wake, na kaboni hiyo hushusha kiwango cha kuyeyuka hadi karibu na nyuzi 1,150. Bila kaboni, tanuri lingeziba. Lakini kaboni ile ile iliyokisaidia kutiririka hukaa ndani yake kinapoganda, ikajipanga kwa vipande vidogo vyembamba au ikafanya mchanganyiko mgumu wenye chuma, na mahali hapo ndipo ufa huanzia nyundo inapotua.

Kipande cha injini kilimiminwa kwenye kalibu kikiwa na kaboni nyingi ya namna hiyo. Springi ilikuwa chuma cha pua: kaboni yake ilichomwa kwa oksijeni katika mtambo mwingine hadi ikabaki chini ya asilimia moja. Mjomba alipoelezwa hivyo alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe si udhaifu wa chuma, ni ulaji wake." Hatujaona maelezo mafupi zaidi ya hayo.

Chuma hiki cha kwanza Waingereza hukiita kwa jina la nguruwe. Zamani kilimiminwa katika mfereji wa mchanga wenye vijifereji pembeni, na wafanyakazi wakaona nguruwe jike akinyonyesha watoto wake. Mtafsiri atakayeandika "chuma cha nguruwe" atakuwa ametafsiri neno na kupoteza maana. Chuma ghafi kinatosha.

Kiasi na gharama

Kwa tani moja ya chuma ghafi, tanuri la kisasa hula takriban tani moja na nusu ya mtapo au zaidi kidogo, pamoja na koki na makaa ya unga ambayo kwa jumla hukaribia nusu tani. Matanuri makubwa hutoa tani 10,000 kwa siku. Kila saa chache tundu la kitakoni hutobolewa kwa keekee, chuma hutoka kikiwa na nyuzi karibu 1,500, kisha tundu huzibwa kwa udongo maalumu. Tanuri haliruhusiwi kulala. Likipoa bila maandalizi, yaliyomo huganda yakawa bonge moja la mamia ya tani, na kulitoa ni kazi ya baruti. Likiwashwa, linaweza kuendelea miaka 15 hadi 20 kabla matofali ya ndani hayajabadilishwa.

Gharama nyingine haiandikwi katika vitabu vya hesabu vya kiwanda. Oksijeni iliyonyang'anywa huondoka angani ikiwa kaboni dioksidi. Kila tani ya chuma cha pua iliyopitia njia hii hutoa takriban tani mbili za hewa hiyo. Ndiyo sababu mojawapo ya kuzimwa kwa matanuri mawili ya mwisho ya Port Talbot huko Wales, moja mwezi Julai na la pili tarehe 30 Septemba 2024, ingawa hasara ya fedha ilisemwa kwa sauti kubwa zaidi. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira. Mahali pao panapangiwa tanuri la umeme litakaloyeyusha vyuma chakavu.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni tofauti. Vinu vyetu vingi huanza na vyuma chakavu au na chuma kilichoagizwa nje. Mtapo tunao: Liganga, wilayani Ludewa nchini Tanzania, una akiba kubwa, na makaa ya mawe ya Mchuchuma hayako mbali. Mpango wa kuviunganisha umezungumzwa kwa miongo mingi. Kikwazo kimojawapo ni cha kikemia: mtapo wa Liganga una titani, ambayo katika tanuri la upepo huyafanya mavi ya chuma kuwa mazito yasitiririke.

Wahaya na Wasweden

Mjomba hakuridhika mpaka aliposikia habari za watu wake, yaani wahunzi. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria waliwaonyesha watafiti Peter Schmidt na Donald Avery jinsi walivyokuwa wakiyeyusha mtapo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Wahaya walitumia makaa ya miti, mivukuto, na mirija ya udongo iliyozama ndani ya tanuri. Watafiti hao walisema kwamba hewa ilipata moto ikiwa ndani ya mirija kabla ya kuufikia mkaa, hoja ambayo wengine wameipinga. Lisilo na ubishi ni kwamba chuma chao hakikutoka kikiwa majimaji. Kilitoka kikiwa bonge lenye vitundu, mavi yakining'inia, na kikahitaji kufuliwa ili kitakate. Kwa kuwa wingi wake hakikuyeyuka, hakikunywa kaboni nyingi kama chuma ghafi, na kwa hiyo kilifulika.

Huko Luleå, Sweden, tangu mwaka 2020 kuna mtambo wa majaribio unaomfukuza mnyang'anyi wa zamani na kumwajiri mwingine, haidrojeni. Naye huchukua oksijeni ya mtapo, lakini akishaichukua hugeuka mvuke wa maji, si kaboni dioksidi. Mtapo hauyeyushwi humo. Hutoka ukiwa chuma kigumu chenye vitundu, kisicho na kaboni, ambacho hupelekwa katika tanuri la umeme.

"Kama bonge la Wahaya," mjomba akasema, akarudi kwenye mivukuto yake.